Baba Alivyolinyoosha Kanisa la Bibi Megan

Harufu ya unga wa ngano uliochemshwa kwa maji hunipandisha hasira mpaka leo. Juzi nilikwenda kumchukua binti yangu chekechea, nikakuta walimu wamewapikia watoto gundi ya unga, ile nzito yenye rangi ya maziwa ya mgando, nao wanabandika makaratasi huku wamejipaka mpaka kwenye nyusi. Wazazi wenzangu walikuwa wanacheka na kupiga picha. Mimi nilisimama mlangoni nimekunja uso, hata mwalimu akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna. Ningemwambia nini? Kwamba gundi ile inanikumbusha kanisa moja la Wales, la enzi za watu wa mishale na ngao, ambalo baba yangu Mrundi alilinyoosha kwa nguvu nilipokuwa na miaka kumi? Mambo kama hayo hayaelezwi mlangoni. Nyinyi mmekaa, nitawaeleza.

Tulikuwa tunaishi Minto, pembezoni mwa Sydney, Australia. Mama alikuwa anahudumia wazee majumbani mwao, anawaogesha, anawapikia, anawapa dawa kwa saa zake. Baba alikuwa anafunga maboksi kiwandani, zamu ya usiku. Asubuhi yeye akiingia sisi tunatoka, na jioni sisi tukiingia yeye anatafuta viatu vyake. Tulikuwa tunapishana sebuleni, salamu mbili tatu, basi.

Likizo ile ya Januari hapakuwa na mtu wa kuniachia. Mama alisema, "Wiki hii roster yangu ya zamu imejaa, na peke yako sikuachi. Twende wote. Ila ukifika kwa watu, mikono yako iweke mapajani." Hivyo ndivyo nilivyofika Ingleburn, kituo kimoja tu kwa treni, nyumbani kwa Bibi Megan.

Bibi Megan alikuwa mdogo wa umbo, mweupe kama karatasi, na alijifunika blanketi magotini hata siku ambazo lami ilikuwa inanata chini ya kandambili. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Aliona mwanga tu, na kivuli cha mtu akipita dirishani. Alizaliwa Wales, akaja Australia na mumewe akiwa bado msichana, na tangu hapo hakurudi. Wazee wengi niliowaona kwa Mama walizungumzia magonjwa yao au watoto wasiopiga simu. Huyu alizungumzia jengo.

Lilikuwa kanisa la kijijini kwao. Siku ya kwanza nilisikiliza kwa adabu, siku ya pili kwa sababu hapakuwa na televisheni ya maana, siku ya tatu nikawa nasikiliza kwa hamu. Alisema uwanja wa kanisa ulikuwa wa mviringo, na kwamba mviringo huo ulikuwa mkongwe kuliko kanisa lenyewe, maana watu walizika wafu wao pale kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Unaingia kwa lango lenye kipaa chake, ambapo jeneza lilikuwa linasubiri kasisi aje kulipokea. Kuta zilikuwa nene, za mawe ya mtoni, zikipakwa chokaa nje na ndani. Juu ya paa, upande wa magharibi, ukuta ulipanda ukatobolewa matundu mawili, na kila tundu na kengele yake. Upande wa kusini palikuwa na kibaraza chenye mabenchi ya mawe, na zamani, alisema, watu walifungishwa ndoa pale nje kwanza, ndipo waingie ndani. Upande wa kaskazini palikuwa na mlango mdogo uliozibwa. Huo zamani, kabla ya kuzibwa, ulikuwa unafunguliwa mtoto akibatizwa, shetani apate pa kutokea.

"Mlimfungulia shetani mlango?" nilimuuliza kwa Kiingereza.

"Ungependa abaki ndani na sisi?" akanijibu.

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni kwamba kanisa lilipinda. Ukisimama nyuma kabisa, penye birika la mawe la ubatizo, ukatazama mbele, uliona kwamba chumba cha madhabahu hakikufuata mstari wa ukumbi wa waumini. Kilikwenda kushoto kidogo. Mgeni alidhani macho yake yana kasoro. Kijijini wengine walisema ni Yesu msalabani, kichwa chake kimeinamia bega. Babu yake Bibi Megan, aliyekuwa mpiga kengele, alikuwa na maelezo mengine. Yeye alisema ukumbi ulijengwa na watu wa kale, na chumba cha madhabahu kikaja kuongezwa na wajukuu wa wajukuu zao, na waliojenga nyuma hawakuwahi kuonana na waliojenga mbele. Walikuta kuta zimesimama, wakaendelea kutoka pale, kwa jicho lao.

Mwisho wa likizo Bibi Megan alikuwa anahamishiwa nyumba ya wazee. Mpwa wake alikwisha kumwambia hataweza kubeba vitu vingi. Siku Mama alipokuwa anamfungia sanduku la nguo, yule bibi alisema, bila kumwelekea mtu yeyote, kwamba angependa kulizunguka kanisa lake mara moja tu tena. Picha hazikumfaa kitu. Alichokuwa nacho ni vidole.

Mimi nilikuwa mtoto wa kimbelembele. Nikasema nitamtengenezea.

Mama alinitazama kwa jicho la "tutaongea nyumbani", lakini Bibi Megan alikwisha kunyoosha mikono yake hewani, akinionyesha kibaraza kiwe kipana namna gani. Nikawa nimefungwa. Ahadi ni deni, na mdai wangu alikuwa amekaa mbele yangu anatabasamu.

Nilianza kazi hiyo mlangoni mwa banda letu la gari, juani, kwa maboksi ambayo Baba aliyaleta kutoka kiwandani. Mama alinifundisha kupika gundi ya unga kama walivyokuwa wanapika kwenye kambi ya wakimbizi tulikotoka. Nilikata kuta mbilimbili ili ziwe nene. Nilizipaka gundi na kuzimwagia mchanga ili vidole vya Bibi Megan vikute ukali wa mawe. Birika la ubatizo nilitumia kifuniko cha chupa ya sabuni. Kila siku nikienda Ingleburn nilimuuliza jambo jipya, na kila jibu lilibomoa kitu nilichokwisha kukijenga. Ngazi, kwa mfano. Kumbe ndani ya ukuta mmoja palikuwa na ngazi za mawe ambazo haziendi popote. Zamani zilipanda kwenye roshani ya mbao iliyokuwa juu ya kiambaza cha nakshi, kile kilichotenga waumini na madhabahu. Roshani ikang'olewa nchi ilipotoka Ukatoliki na kuingia Uprotestanti, ngazi zikabaki. Nilirudi nyumbani nikapasua ukuta mzima kwa sababu ya ngazi zisizokwenda popote, huku nikilia kwa hasira na nzi wakinitembelea usoni.

Nikafika kwenye chumba cha madhabahu. Nilikibandika kikiwa kimekwenda kushoto, kama alivyonipimia Bibi Megan kwa kukunja kiganja chake. Nilikitazama kwa mbali, nikaridhika. Nikalala.

Asubuhi nilikikuta kimenyooka.

Nilidhani gundi imevuta ilipokuwa inakauka. Nikakibandua, nikakipinda tena, nikaweka kopo la maharage kando yake kama kizuizi. Kesho yake kopo lilikuwa limerudishwa kabatini, na chumba cha madhabahu kimekaa mstari mmoja na ukumbi, safi kabisa, pembeni pamewekwa gundi mpya. Ndipo nikaelewa ni Baba.

Sasa lazima mfahamu Baba alikuwa mtu gani. Alikuwa fundi. Kule Burundi alijenga kanisa, na vita vikalikuta. Kambini mkoa wa Kigoma, nilikozaliwa, alijenga la udongo na nyasi. Tulipohamishiwa kambi nyingine akajenga tena, kwa msimu mmoja, kabla ya mvua, yeye na vijana wa kwaya. Mama alikuwa anasema ukisimama mlangoni mwa lile la mwisho ukatazama madhabahuni, hungeona kosa hata la unene wa kidole. Kamba yake ya ujenzi na timazi yake ya kupimia ukuta alisafiri navyo mpaka Sydney, akaviweka kwenye droo pamoja na hati zetu za kusafiria. Mwanangu humkuta leo babu yake ananyoosha fremu za picha kwenye nyumba za watu. Mtu wa namna hiyo nilimwekea kanisa lililopinda kwenye njia yake ya kuingia kulala.

Nilimngojea asubuhi mlangoni.

"Dad, you keep fixing it. It's meant to be crooked," nilimwambia, yaani aache kulinyoosha kwa kuwa linatakiwa kupinda.

Wenzangu, hapa ndipo penye uchungu wangu. Kiswahili nilikisikia vizuri sana. Wangeweza kunisengenya chumba cha pili nikashika kila neno. Lakini kinywa changu kilikuwa kimehamia Kiingereza siku nyingi, na Kiingereza cha Baba kilikuwa cha kiwandani: lift, push, careful, finish.

"Hii kanisa iko imepinda," alisema taratibu, kama anayempa mgonjwa habari. "Mwana wangu, usijali. Papa wako anajua hii kazi. Nimekutengenezea."

"No, Dad. Leave it. Iache."

"Nikiacha, watu watasema nini? Watasema hakuna mwanaume kwa ile nyumba?"

Nikamwita Mama. Mama alikuwa anatafuta tiketi yake ya treni na kiatu kimoja, lakini alisimama akamweleza yote, habari ya Yesu na bega lake, habari ya babu mpiga kengele. Baba alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kopo lake la chakula. Akacheka kidogo.

"Fundi akikosea hakosi hadithi," alisema, akaenda kulala.

Vita vikaendelea hivyo. Jioni napinda, alfajiri ananyoosha. Hatukugombana hata siku moja kwa sababu hatukupata nafasi ya kugombana. Tulikuwa tunajibizana kwa maboksi. Sehemu ile ya maungio ikawa imelowa na kukauka mara nyingi hata ikaanza kulegea na kunuka kama uji uliosahauliwa. Nilimchukia. Nasema neno hilo kwa sababu ndilo lilikuwepo. Nilikuwa nimeshika kitu kimoja tu duniani nilichokijua vizuri kuliko watu wote wa nyumba yetu, na mtu mmoja mwenye nia njema hakuniachia.

Siku ya mwisho kabla Bibi Megan hajahamishwa, Baba alikuwa na mapumziko, akajitolea kutupeleka kwa gari kwani kanisa lilikuwa kubwa mno kupanda treni. Nilikuwa nimelipinda jana yake kwa mara ya mwisho. Asubuhi nilikuta amekwisha kulipakia kwenye buti na kulifunika shuka. Nililifunua tulipofika Ingleburn. Hakutumia gundi safari hii. Alikuwa amepitisha vijiti vya mbao kutoka ukumbini mpaka madhabahuni, pande zote mbili, akavipigilia misumari midogo. Lilinyooka kama rula. Hata ningekuwa na nguvu za mtu mzima nisingeweza kulirudisha.

"Umeona?" Baba aliniambia. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili. "Sasa haiwezi kusumbua tena."

Tulilibeba wote wawili, tukaliweka juu ya meza ya kulia chakula ambayo ilikuwa imebaki peke yake chumbani. Mama alimshika Bibi Megan mkono akamleta.

Alianzia langoni. Vidole vyake vilipita juu ya kipaa, vikashuka, vikapata ukingo wa mviringo wa uwanja, vikauzunguka wote bila haraka. Alipata kibaraza akaingiza vidole viwili ndani na kugusa benchi. Alipata kengele. Alipata mlango wa shetani, akaugonga kwa ukucha, akacheka. Paa nililifanya la kufunuka, basi nikamfunulia, naye akaingia ndani, akagusa birika, akagusa ngazi zisizokwenda popote. Hizo alizipanda kwa vidole viwili, moja baada ya nyingine, mpaka zilipoishia. Nilikuwa nasali kwamba aridhike na ngazi asiendelee mbele.

Akaendelea. Vidole vilipita penye kiambaza vikaingia madhabahuni, vikasimama. Vikarudi nyuma. Vikaenda tena, polepole zaidi, vikitafuta kushoto. Vilifika kwenye kijiti cha mbao, vikahesabu misumari.

"Ni kazi nzuri mno, mjukuu wangu," alisema kwa Kiingereza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye adabu. "Ila hili si letu, sivyo?"

Baba hakuelewa maneno, lakini sauti aliielewa. "Anasema nini?" aliniuliza.

Mama alifungua mdomo amjibu. Nikamwahi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba Kiswahili kilitoka chenyewe, cha kwanza nilichowahi kumwambia kikiwa kizima.

"Anasema si lake. Kwa sababu umelinyoosha."

Baba alilitazama kanisa, kisha akamtazama yule bibi aliyekuwa bado ameweka mkono pale penye misumari.

"Muulize," akaniambia. "Hao wa pili, waliokuja kuongeza. Waliona ya kwanza iko upande. Kwa nini hawakubomoa waanze upya? Yote mstari moja?"

Nikamtafsiria. Bibi Megan alielekea kushangazwa na swali.

"Kwa nini wabomoe?" alisema. "Lilikuwa bado limesimama."

Nilimgeuzia Baba jibu hilo kama lilivyo, nikiwa na furaha mbaya ya mtu aliyeshinda. Nilitegemea acheke, au atoe hadithi nyingine ya fundi. Alikwenda kwenye gari akarudi na koleo, akainama juu ya meza, akaanza kung'oa misumari mmoja mmoja kwa uangalifu. Lakini maboksi yalikuwa yamechoka kwa kulowanishwa na kukaushwa siku zote zile, kazi yangu na yake. Msumari wa mwisho ulipotoka, chumba cha madhabahu kilichanika kikaanguka sakafuni, na pale kilipokuwa pakabaki tundu lenye kingo za karatasi.

"Pole, Bibi," Baba alimwambia kwa Kiswahili. "Pole sana."

Bibi Megan alihamia nyumba ya wazee na ukumbi wa waumini peke yake. Mama alisema waliuweka dirishani. Mimi sikwenda kumwona. Njiani kurudi Minto hatukusemezana ndani ya gari, na hasira ile niliibeba mpaka sekondari. Tukigombana juu ya nguo, juu ya marafiki, juu ya kozi niliyochagua chuoni Parramatta, ndani ya kila ugomvi palikuwa na kile kijiti cha mbao na misumari yake. Nilikwisha kumhukumu baba yangu kuwa mtu asiyeweza kukuta kitu akakiacha kilivyo.

Mwaka juzi nilikwenda Kigoma kwenye harusi ya binti wa mama mdogo. Nilipata siku moja ya ziada, nikakodi gari linipeleke ilipokuwa kambi yetu ya mwisho. Dereva aliniambia njiani kwamba hakuna cha kuona, nami nikadhani ni uvivu. Hakuwa mvivu. Wakimbizi walipoondolewa majengo yote yalibomolewa, na ardhi ikapandwa miti. Nilitembea katikati ya miti ile iliyokwisha kunipita urefu, nikitafuta kwa kukumbuka kilima na mteremko wa kisima. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakata majani ya mbuzi alinionyesha mahali. Hapa, alisema, palikuwa na kanisa la Warundi. Palikuwa na majani, na sisimizi wakipita.

Niliwaza Bibi Megan na babu yake aliyepiga kengele, na watu wale wa mawe ya mtoni. Kupinda kwa kanisa lao kulitoka kwenye kukaa. Mtu anazaliwa, anakuta ukuta wa babu wa babu yake, anaongeza wake, na ukienda upande kidogo hakuna ubaya, wajukuu nao watakuja kuongeza. Baba yangu alijenga makanisa matatu, na kila moja alilianza chini, kwenye ardhi tupu, kuta zote kwa msimu mmoja na kamba moja. Hakuna hata siku moja aliyowahi kufika mahali akakuta ukuta wa mwenziwe umesimama unamngoja. Nyumba ya kunyooka ndiyo aliyoijua, kwa sababu ndiyo nyumba ya watu wanaoanza upya. Swali alilomuuliza yule bibi lilikuwa swali hasa, la mtu anayetaka kujua, na mimi nililichukua kama kushindwa kwake.

Nilimpigia simu palepale. Sydney ilikuwa jioni, alikuwa amekwisha kula.

"Baba, niko kambini," nilimwambia kwa Kiswahili. "Hapa lilipokuwa kanisa. Hakuna kitu."

"Najua, mama," alisema. "Hata msingi?"

Nilipangua majani kwa mguu. Nilikwenda mpaka kwenye mti wa pili, nikarudi, nikapiga magoti nikachimba kidogo kwa mkono, yeye akinisubiri kwenye simu.

"Hata msingi, Baba."

"Ilikuwa imenyooka," alisema. "Ile ilikuwa imenyooka sana."

Nilibaki nimepiga magoti na udongo kwenye kucha, na hasira ileile ya utotoni ikanipanda, ila safari hii haikuwa juu ya Baba, ilikuwa juu ya wale waliong'oa hata msingi.